Meza ya ruta inasumbua? Kagua kabati kabla hujailaumu mashine

Wakuu, mtu akishajenga kabati la meza ya ruta (mashine ya umeme ya kuchongea mbao, inafungwa chini ya meza) kwenye karakana yake ya nyumbani afu kazi ikaanza kutoka vibaya, wa kwanza kulaumiwa ni ruta. Anabadilisha biti, yani kile kisu kinachozunguka, anaazima ruta ya jirani, anafunga, tatizo liko palepale. Kwa meza nilizokagua, yangu na za mafundi wenzangu, mara nyingi kosa liko kwenye boksi lenyewe, yani topu (uso wa meza), pleti (bamba linaloshika ruta), fensi (kizuizi ambacho mbao inakiegemea), au hewa inavyozunguka humo ndani. Ruta inasingiziwa tu.

Kwa hiyo mi nafuata mpangilio huu na siurukii: kwanza nakagua kila kitu ruta ikiwa imechomolewa kwenye soketi, afu naiwasha bila mbao nasikiliza, afu ndo napitisha kipande cha kujaribia. Nasema imechomolewa, sio imezimwa kwa swichi, maana kwenye meza vidole vinakuwa karibu na biti kila unaporekebisha kimo chake.

Kabati ninalozungumzia ni lile la kawaida: sanduku la plaiwudi ya mm 18, kimo kama sm 90 hadi juu ya meza, katikati chemba ya ruta, pembeni droo za biti, juu topu ya MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) mbili za mm 18 zilizogundishwa pamoja na kupigwa fomaika, pleti ya aluminiamu iliyokaa kwenye mdomo wake (ngazi iliyochongwa kuzunguka tundu la topu), na fensi ya vipande viwili. Kama lako limetofautiana kidogo haina shida, dalili ni zilezile.

Mbao inakwama au inagonga ikivuka pleti

Chomoa, shusha biti yote chini, chukua kipande cha mbao kilichonyooka ukisukume taratibu kwa mkono kutoka kulia kwenda kushoto. Kikikwama pale kinapoingia kwenye pleti, pleti iko juu. Kikikwama pale kinapotoka upande wa kushoto, pleti iko chini. Hapo huhitaji kipimo chochote, mkono unakwambia. Watu wanaweka karatasi chini ya pleti kuinyanyua, inakaa siku chache afu karatasi inabonyea na umerudi ulikotoka. Piga skrubu ndogo kwenye kona za mdomo, vichwa vikitazama juu, pleti ikalie vichwa vya skrubu, kona ikiwa chini unaifungua robo mzunguko, ikiwa juu unaikaza. Zikishakaa sawa, kaza pleti kwa bolti za kuzama ili isitembee.

Kama kona zote nne ziko sawa na bado katikati mbao inagonga, itoe pleti uilaze juu ya kioo uone kama inacheza. Pleti za perspeksi zinapinda kwa uzito wa ruta kubwa, na hazirudi. Usihangaike kuinyoosha, tafuta aluminiamu ya mm 6 kwenda juu kwa wauza vyuma, ikatwe kwa kipimo cha mdomo ulionao tayari. Halafu angalia na ile ringi ya katikati inayozunguka biti, ikisimama juu ya pleti hata kwa unene wa kucha ncha ya mbao inaipata kila mara.

Gruvu (mfereji unaokatwa na biti) ni refu kwenda chini mwanzo na mwisho, katikati ya mbao ni fupi

Hii dalili inawachanganya watu kuliko zote, wanadhani biti inapanda na kushuka. Haipandi. Topu imebonyea. Mbao ndefu ikiwa katikati ya meza inalala kama daraja juu ya lile bonde, kwa hiyo biti inakuwa mbali nayo na inakata kidogo, ila mwanzo na mwisho wa mbao ile ncha inadondokea bondeni na biti inakula zaidi. Weka rula ndefu ya chuma kukatisha topu, washa tochi ya simu upande wa pili, mwanga ukipita chini ya rula hapo ndo penye bonde. Pima pande zote nne na kona kwa kona, usipime upande mmoja ukaridhika.

Chanzo kinaweza kuwa kimoja kati ya vitatu au vyote pamoja. Cha kwanza, topu ni MDF moja tu ya mm 18, ukishakata tundu la pleti umeondoa nguvu yote ya katikati afu ukaning'iniza ruta ya kilo 5 mwaka mzima. Cha pili, fomaika imepigwa juu peke yake, chini MDF iko wazi. Upande wa wazi unavuta unyevu, uliofunikwa hauvuti, topu inapinda, na kwa sisi wa Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar hii haikwepeki, fomaika ipigwe juu na chini au angalau chini pakwe varnish koti kadhaa pamoja na kingo zote na ndani ya tundu. Cha tatu, kabati lenyewe limepinda na topu imelifuata.

Hicho cha tatu unakijua hivi: pima topu kabati likiwa pale lilipo, lisogeze sehemu nyingine ya sakafu, pima tena. Vipimo vikibadilika kosa sio la topu. Sakafu za nyumbani nyingi hazijanyooka, na kabati lisilo na mgongo imara linapinda kufuata sakafu. Utakuta mtu kapigilia hadibodi nyembamba nyuma kwa misumari midogo, hiyo haizuii kitu. Weka plaiwudi ya mm 9 au 12 nyuma, gundi na skrubu kuzunguka pande zote, na kabla gundi haijashika pima kona kwa kona, mishazari miwili ilingane. Chini weka miguu ya kurekebisha kwa nati, na kama una magurudumu yawe yale ya kunyanyuka ili wakati wa kazi kabati likalie miguu.

Topu iliyobonyea inaponyeka bila kutupwa. Chini yake pitisha mbao mbili ngumu zilizopigwa randa zikanyooka kabisa, mninga au mkongo uliokauka, au vyuma vya engo, kulia na kushoto kwa tundu la pleti, zisimame kwa ubavu sio kwa ubapa. Topu ifungwe kwenye hizo mbao kwa skrubu, isigundishwe, ili pale penye bonde uweze kuchomeka kibati ukanyanyua. Ukigundisha umejifungia, siku ikipinda tena unaanza upya.

Uso una mawimbi

Kabla hujagusa chochote yapime hayo mawimbi. Biti yenye makali mawili ikizunguka mara 20,000 kwa dakika inapiga mbao mara 40,000 kwa dakika, ukisukuma mbao mita 4 kwa dakika kila kata inakuwa na umbali wa mm 0.1 kutoka mwenzake, hata kama kali moja tu ndo linagusa ni mm 0.2. Hayo huyaoni vizuri kwa macho. Kwa hiyo ukiona mawimbi ya mm 1, mm 2 na zaidi, hayo sio mwendo wa mkono wako, kuna kitu kinatetemeka.

Washa bila mbao, weka kiganja ubavuni mwa kabati, kwenye fensi, kwenye topu mbali na biti. Pale panapotetemeka sana ndo pa kuanzia. Ikiwa ni ubavu wa kabati, boksi ni jepesi au viungo vimelegea, kaza, ongeza mgongo kama nilivyosema juu, na uzito chini unasaidia sana, mfuko wa mchanga kwenye sakafu ya kabati unatuliza meza palepale. Ikiwa ni fensi, klempu zake hazijabana au ubao wake ni mwembamba. Ikiwa ni kwenye pleti, zima, chomoa, shika biti uitikise kwa mkono: ikicheza ni beringi za ruta zimechoka, isipocheza toa biti usafishe koleti, yani kile kibanio kinachoshika shina la biti. Ndani ya koleti vumbi la utomvu linajijenga kwenye zile nafasi, koleti inashika upande mmoja na biti inazunguka ikiwa imelala kidogo. Brashi laini ya waya na kitambaa vinatosha, ila koleti iliyoanza kuwa na alama nyeusi au kuchubuka ndani ibadilishe, hairudi.

Biti inapanda yenyewe, gruvu inazidi kuwa refu

Tofauti na ile ya topu, hapa gruvu linaanza sawa na linazidi kwenda chini mpaka mwisho, na mbao inayofuata ni mbaya zaidi. Kuna vitu viwili tu vinavyoweza kusogea: biti ndani ya koleti, au ruta nzima kwenye kimo chake. Chora mstari kwa mak peni kwenye shina la biti pale linapoingia kwenye koleti, kata kipande, zima chomoa angalia. Mstari ukiwa umepanda, ni koleti. Mstari ukiwa palepale, ni loki ya kimo au jeki.

Upande wa koleti, huku kwetu chanzo kikubwa ni kuchanganya vipimo. Madukani kuna biti za mm 6 na za robo inchi, ambayo ni mm 6.35, kuna za mm 8, kuna za mm 12 na za nusu inchi, ambayo ni mm 12.7, zote zinapangwa rafu moja. Biti ya mm 6 inaingia kwenye koleti ya robo inchi, inabana hata, afu kwenye mzigo inateleza, na ikiteleza vibaya inaruka. Nenda dukani na kalipa, pima shina, usimwamini muuzaji akikwambia zinaingiliana. Shina liingie angalau robo tatu ya urefu wake, afu lirudishe mm 2 au 3 lisiguse chini, maana likigusa chini koleti ikikaza inashindwa kulivuta. Na usikaze koleti bila biti ndani, inaminyika na kupoteza umbo.

Upande wa kimo, kama umetumia ruta ya kubonyeza juu chini, toa zile springi kama kitabu chake kinaruhusu, zinasukumana na wewe kila unaponyanyua, na mtetemo unaisaidia springi kushinda loki. Wanaotumia jeki ndogo ya gari kunyanyulia, kitu ambacho mi nakipenda maana ni rahisi na inanyanyua taratibu, lazima wakaze na loki ya ruta baada ya kufika kimo. Jeki inanyanyua, haishikilii.

Mbao inaungua

Alama nyeusi zinazorudia mahali uliposimama kubadilisha mikono ni za kusimama, hizo zipunguze kwa kusukuma mfululizo. Ikiungua urefu wote, angalia spidi kwanza. Biti mpaka mm 25 kwa upana inaweza kwenda 22,000 hadi 24,000, ya mm 30 hadi 50 ishushe kwenye 18,000, ya mm 60 hivi 16,000, na zile kubwa za milango ya kabati zenye mm 75 na kuendelea zisizidi 12,000. Ruta isiyo na kirekebisha spidi usiifunge biti kubwa kabisa, hapo hatuzungumzii kuungua tena tunazungumzia usalama.

Spidi ikiwa sawa, angalia uchafu na makali. Utomvu uliokauka nyuma ya kali unasugua badala ya kukata, loweka biti kwenye mafuta ya taa usugue kwa mswaki wa zamani, kausha kabisa kabla ya kufunga, na toa beringi yake kwanza maana mafuta yanaosha grisi ya ndani. Mbao zetu pia zinakula makali: mtiki una chembe za silika, na mvule huwa na mawe ya chokaa ndani yake ambayo hata kwa macho huyaoni mpaka kali limeng'oka. Ukifanya mvule kagua biti mara kwa mara. Kata kidogokidogo, mm 3 kwa mpito mmoja inatosha kwenye mbao ngumu.

Ruta inachemka, inanuka, inapoteza nguvu

Hapa ndo kabati linaua mashine. Ruta nyingi zinavuta hewa kwenye kofia ya nyuma na kuitoa upande wa biti. Ukiigeuza chini ya meza ile kofia inatazama sakafu ya chemba, kwenye rundo la vumbi. Sasa we umefunga chemba vizuri, mlango umebana, umejivunia kabisa, na ruta inazungusha hewa yake yenyewe ya moto pamoja na vumbi. Kujua kama ndo tatizo ni rahisi: fanya kazi ileile muda uleule mlango ukiwa wazi. Joto likipungua, kosa ni la chemba.

Chemba inahitaji pa kuingiza hewa safi na pa kutolea vumbi, na vilingane. Kama unatoa vumbi kwa bomba la PVC la inchi 4, tundu lake ni kama sm za mraba 78, basi kwenye mlango toboa matundu 25 ya mm 20, yanafika hapohapo. Yaweke chini, usawa wa kofia ya ruta, na bomba la kutolea liwe nyuma, ili hewa ipite kwenye mota kabla ya kutoka. Sakafu ya chemba ilaze mteremko kuelekea bombani, maranda yasikae chini ya mota. Kuna wanaounga vakyumu ya nyumbani kwenye bomba la inchi 4 wakashangaa haivuti. Vakyumu hizo zinavuta kwa nguvu kwenye tundu dogo lakini hewa yake ni kidogo, kwenye bomba kubwa inapoa. Vakyumu iweke kwenye fensi kwa hosi yake ileile nyembamba, chemba iwe na droo ya kumwaga maranda na matundu ya kutosha. Na hata ukiwa na mfumo mzuri vaa barakoa, vumbi la mbao limewekwa na IARC (shirika la kimataifa la utafiti wa kansa) kwenye kundi la kwanza la vinavyosababisha kansa, na vumbi la mvule linawasha ngozi na kifua kwa watu wengi.

Mlango ukiwa wazi na bado inachemka, geukia umeme. Ruta ya wati 2000 kwa volti 230 inavuta karibu ampea 9, ukiunga kwenye ekstensheni nyembamba iliyosokotwa kwenye roli yake, waya unapata moto na volti zinashuka. Pima kwa mita kwenye soketi ya meza wakati ruta inakata, sio ikiwa imezimwa. Tumia waya wa mm² 1.5, ukiwa mbali 2.5, uutandaze wote. Cheche nyingi ndani ya mota na nguvu ya kukatikakatika, toa kaboni (brashi za mota) uangalie kama zimefika kwenye mstari wa kuisha. Na wanaonunua ruta za mtumba someni kibao: za Marekani ni volti 120, na za maeneo ya ujenzi Uingereza ni 110, zinahitaji transfoma inayobeba wati zake mfululizo.

Mwisho wa mbao unatafunwa, au rebeti (ngazi inayokatwa ukingoni) halilingani

Sentimita za mwisho zikikatwa zaidi, nusu ya fensi ya kushoto iko nyuma ya ile ya kulia. Mbao inapoachana na ya kulia inaangukia nyuma. Laza rula ndefu kwenye nusu zote mbili, zinyooshe. Isipokuwa unapoondoa ukingo mzima wa mbao, hapo ya kushoto inatakiwa itokeze mbele kwa kipimo kilekile unachoondoa.

Fensi haina ulazima wa kuwa sambamba na ukingo wa meza, biti ni duara, haijui fensi imelala upande gani. Watu wanapoteza siku kulinganisha kulia na kushoto bure. Kaza upande mmoja, gonga mwingine taratibu. Biti ikiwa katikati, ukisogeza ncha mm 1 kwenye biti inakuwa mm 0.5, ni urekebishaji mzuri sana. Usambamba unahusu pale tu unapotumia kisukumio kinachopita kwenye reli. Kinachotakiwa siku zote ni nyuzi 90 na topu, pima kwa skwea sehemu tatu. Pembe ikimeguka, sogeza nusu za fensi zikaribie biti na weka kibao nyuma ya mbao yako.

Mbao inanyakuliwa

Acha kazi. Biti kwenye meza ukiitazama kutoka juu inazunguka kinyume cha saa, kwa hiyo mbao inatoka kulia kwenda kushoto ikiwa mbele ya fensi. Ukiipitisha kushoto kwenda kulia inavutwa na vidole vinaifuata. Kosa lingine baya zaidi ni kupitisha mbao katikati ya biti na fensi, hiyo mbao inakuwa risasi. Vipande vifupi shika kwa kibao cha kusukumia, siku zote.

Droo na milango kubana

Droo za reli za beringi zinahitaji mm 12.7 kila upande, ukiacha 12 inabana, ukiacha 14 reli inachomoka. Zikibana baada ya mvua, kingo hazikupakwa sila ya kuzuia unyevu.

Umeme ukikatika na kurudi

Toa biti kwenye ruta, washa kwa swichi ya kabati, zima soketi ya ukutani, subiri mota isimame, washa soketi. Ruta ikianza kuzunguka yenyewe, swichi hiyo haifai kwa meza, kwa sababu umeme wetu unakatika mkono ukiwa juu ya biti na unarudi bila kuuliza. Nunua ile swichi inayojikata umeme ukipotea na isiyowaka mpaka ubonyeze kitufe cha kijani, ifunge mbele ya kabati usawa wa goti, ili uweze kuizima kwa mguu mikono yote miwili ikiwa imeshika mbao.